Cartier-Bresson: Gwiji wa picha aliyedumu na lenzi moja

Na Mwandishi Wetu

MTU anayenunua kamera ya filamu yenye kipimaumbali, mfano wa zile za Leica, hukutana na swali gumu kabla hajapiga hata picha moja: achukue lenzi ya milimita ngapi? Ya 35 inayomeza mtaa mzima, ya 90 inayomsogeza aliye mbali, au ya 50 iliyo katikati yao? Wengi huzinunua zote tatu, wakajaza mkoba, kisha wakawa wanabadilisha lenzi huku tukio walilolikusudia likiwapita.

Henri Cartier-Bresson, Mfaransa aliyefariki dunia Agosti 3, 2004 akiwa na umri wa miaka 95, alilijibu swali hilo mwaka 1932, akiwa kijana ambaye hajatimiza miaka 25. Alichagua milimita 50, na jibu lake halikubadilika kwa takriban miaka 40. Lenzi nyingine alikuwa nazo na mara chache alizitumia, lakini sehemu kubwa ya picha zilizompa jina ulimwenguni, kuanzia vichochoro vya Hispania hadi siku za maombolezo ya Mahatma Gandhi, zilipita katika kioo cha urefu huo mmoja.

Maisha yake yanastahili kusimuliwa upya leo, wakati ambapo kamera za filamu zimepata wapenzi wapya miongoni mwa vijana, na kampuni ya Leica yenyewe ikairudisha sokoni kamera yake ya filamu ya M6 mwaka 2022.

Mtoto wa wenye kiwanda cha nyuzi

Cartier-Bresson alizaliwa Agosti 22, 1908 katika kijiji cha Chanteloup-en-Brie, mashariki mwa Paris, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watano. Ukoo wake ulikuwa wa watu wenye uwezo. Walikuwa na kiwanda cha nyuzi za kushonea, na jina la Cartier-Bresson lilijulikana na mafundi cherehani wa Ufaransa kabla ya kujulikana na wapenzi wa picha. Baba yake alitarajia kuwa mwana huyo angerithi biashara ya familia.

Kijana huyo hakuwa na moyo wa biashara wala wa vitabu vya shule. Mtihani wa kumaliza sekondari ulimshinda. Kilichomvuta tangu utotoni ni uchoraji, na aliyempa mwanga wa kwanza alikuwa baba yake mdogo, Louis, mchoraji aliyeuawa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Mwaka 1927 aliingia katika darasa la mchoraji André Lhote jijini Paris. Lhote aliwafundisha wanafunzi wake kuitazama picha kama jengo, lenye nguzo, mihimili na uwiano, na aliwapeleka katika majumba ya makumbusho kuzichambua kazi za wachoraji wa kale kwa kanuni za jiometria. Somo hilo halikumtoka Cartier-Bresson hadi siku za uzeeni. Baadaye, alipokuwa na kamera mkononi, alilichukulia fremu ya filamu kama turubai ambayo haiongezwi wala haipunguzwi.

Baada ya muda mfupi wa masomo huko Cambridge, Uingereza, na baada ya kutumikia jeshi, alipanda meli kuelekea Côte d'Ivoire, wakati huo koloni la Ufaransa. Huko aliishi kwa kuwinda na kuuza nyama ya porini. Alikuwa pia na kamera ndogo iliyokwishatumika, lakini unyevu wa pwani uliziharibu filamu zake nyingi.

Afrika ilikaribia kuwa kaburi lake. Alishikwa na homa kali itokanayo na malaria, ile inayougeuza mkojo kuwa mweusi, na akaamini kwamba siku zake zimekwisha. Alimwandikia babu yake kadi akiagiza azikwe katika msitu wa Normandy huku muziki wa Debussy ukipigwa. Jibu lililotoka nyumbani lilikuwa la kibiashara: mazishi ya namna hiyo yangekuwa ghali mno, hivyo ni nafuu zaidi arudi akiwa hai. Alipona, akarudi Ufaransa mwaka 1931.

Picha ya wavulana watatu

Akiwa katika kupata nafuu, aliiona picha iliyobadili mwelekeo wa maisha yake. Ilikuwa kazi ya mpigapicha kutoka Hungaria, Martin Munkácsi, ikiwaonyesha wavulana watatu wa Kiafrika, migongo yao ikiwa imeelekezwa kwa kamera, wakikimbilia mawimbi. Kwa miaka mingi picha hiyo imejulikana duniani kwa jina la Ziwa Tanganyika, ingawa watafiti wa baadaye wameielekeza Liberia, nchi ambayo Munkácsi aliitembelea kikazi miaka hiyo.

Iwe ni maji ya Tanganyika au ya Atlantiki, Cartier-Bresson aliduwaa. Alikuwa amejifunza kwa Lhote kwamba mpangilio mzuri hujengwa taratibu, kwa penseli na rula. Hapa aliona mpangilio uliokamilika ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, miili mitatu, povu na anga vikiwa mahali pake, kisha ukatoweka. Alielewa kuwa kamera inaweza kukishika kile ambacho brashi haiwezi kukifikia kwa wakati. Alitafuta chombo chepesi cha kuifanyia kazi hiyo, akakipata mjini Marseille mwaka 1932. Ilikuwa Leica, yenye lenzi ya milimita 50.

Kamera iliyojengwa kwa milimita 50

Leica ilikuwa bado changa. Fundi wa Kijerumani Oskar Barnack, wa kampuni ya Ernst Leitz mjini Wetzlar, alikuwa ameunda kamera yake ya majaribio kabla ya vita, na mwaka 1925 ikaanza kuuzwa. Jambo jipya alilolifanya ni kutumia mkanda uleule wa milimita 35 wa sinema, akaukata katika fremu za milimita 24 kwa 36. Kamera za waandishi wa habari wa zama hizo zilikuwa masanduku makubwa yaliyotumia bamba za kioo. Hii iliingia katika mfuko wa koti.

Fremu ya ukubwa huo, ikipimwa kutoka kona hadi kona, ina milimita 43 na ushei. Kanuni ya zamani ya upigaji picha inasema kwamba lenzi yenye urefu wa fokasi unaokaribiana na kipimo hicho huonyesha vitu kwa uwiano unaolingana na mazoea ya jicho: kilicho karibu hakivimbi, na kilicho mbali hakisogezwi. Lenzi ya kamera ya Barnack, Elmar iliyobuniwa na Max Berek, ilikuwa ya milimita 50, ikiwa na tundu la f/3.5. Ilikuwa ndogo kiasi cha kurudi ndani ya kamera isipotumika.

Mwaka uleule wa 1932 Leitz waliitoa Leica II, iliyokuwa na kipimaumbali kilichounganishwa na lenzi. Hapa inafaa kueleza namna chombo hicho kinavyofanya kazi, kwani ndipo penye siri ya chaguo la Cartier-Bresson.

Kamera ya kipimaumbali haina kioo ndani yake. Mpigapicha hatazami kupitia lenzi, hutazama kupitia dirisha dogo lililo pembeni yake. Kipimaumbali humwonyesha taswira mbili za kitu kimoja. Huizungusha pete ya lenzi hadi taswira hizo zikutane zikawa moja, na hapo hujua kwamba amelenga umbali sahihi. Kwa kuwa hakuna kioo kinachonyanyuka na kushuka, kamera hutoa mlio hafifu tu, na tukio halifichiki machoni pa mpigapicha wakati picha ikipigwa.

Faida hiyo ina gharama yake. Kwa sababu hatazami kupitia lenzi, kubadilisha lenzi hakubadilishi anachokiona dirishani. Dirisha la Leica za miaka ya 1930 lilitengenezwa kwa kipimo cha milimita 50. Aliyetaka kutumia 35 au 90 alilazimika kupachika dirisha la ziada juu ya kamera, akalenga umbali kwa tundu moja na kupanga picha kwa tundu jingine. Kwa mpiga picha za milima haikuwa taabu. Kwa mtu anayefukuzana na tukio la nusu sekunde, lilikuwa kosa la kulipia.

Kwa hiyo Cartier-Bresson alipochagua milimita 50 aliichagua ile ambayo kamera nzima ilijengwa kuihudumia. Katika miaka miwili iliyofuata alitembea Ufaransa, Hispania, Italia na Mexico, akapiga picha ambazo hadi leo huhesabiwa miongoni mwa bora za karne ya 20.

Uwazi kati ya mbao

Moja kati ya hizo ilipigwa mwaka 1932 nyuma ya kituo cha treni cha Saint-Lazare, Paris. Mtu anaruka dimbwi la maji, kisigino chake kikiwa kinakaribia kuugusa uso wa maji lakini hakijaugusa. Ukutani nyuma yake kuna tangazo lenye mchezaji aliyeruka vilevile.

Picha hiyo hutajwa kama kilele cha sanaa yake, lakini ndani yake mna somo la lenzi ambalo wengi hawaligundui. Cartier-Bresson aliipiga kupitia uwazi kati ya mbao za uzio. Uwazi ulikuwa mwembamba, hakuweza kusogea mbele, na ubao mmoja ukaingia upande wa kushoto wa fremu. Mtu huyo, ambaye maisha yake yote alikataa picha zake zikatwe pembezoni, alilazimika kuikata hii. Lenzi moja ilimpa picha hiyo na papo hapo ikamdai sehemu yake.

Mwaka huohuo, mjini Hyères, alisimama juu ya ngazi zinazojipinda, akalitazama barabara lililopita chini yake. Umbo la ngazi na ukingo wa mtaa lilikuwa limekwisha kuwa picha, limepungukiwa kitu kimoja tu. Mwendesha baiskeli akapita, akawa ndicho kilichokosekana. Hapo anaonekana mtu ambaye tayari anajua, kabla hajainua kamera, fremu yake itaanzia wapi na itaishia wapi. Ujuzi huo hauji kwa mtu anayebadilisha lenzi kila siku.

Hesabu ya lenzi tatu

Kwa msomaji anayepima chaguo lake mwenyewe, tofauti ya lenzi hizo inaelezeka kwa hesabu nyepesi. Tuseme umesimama mita 2 kutoka kwa mtu. Lenzi ya milimita 50 itachukua upana wa takriban mita 1.4 na urefu wa karibu mita 1. Hiyo inamtosha mtu aliyeketi, mikono yake, na sehemu ya chumba chake. Lenzi ya 90, kutoka palepale, itachukua upana wa sentimita 80 tu, yaani uso na mabega. Lenzi ya 35 itachukua zaidi ya mita 2, pamoja na meza, dirisha na jirani.

Hesabu ya pili ni ya kina cha ulengaji, yaani eneo ambalo vitu huonekana vikali mbele na nyuma ya pale ulipolenga. Ukilenga mita 4 kwa tundu la f/8, lenzi ya 50 itatoa picha kali kuanzia mita 3 hivi hadi mita 6 na nusu. Ile ya 35 itaanzia mita 2 na ushei na kuvuka mita 18. Ile ya 90 itakupa karibu mita 1 tu, kati ya 3.6 na 4.5. Ndiyo maana mpigapicha wa mitaani mwenye lenzi ya 50 anaweza kuiweka kamera yake tayari katika umbali wa mita 4 na kusahau kulenga, ilimradi ajifunze kukadiria hatua zake. Mwenye 90 hana nafasi hiyo ya kukosea.

Cartier-Bresson mwenyewe alieleza kwa nyakati tofauti kwamba 90 aliitumia kwa mandhari, kwa kuwa huondoa ardhi nyingi isiyohitajika mbele ya picha. Ile ya 35 aliiona inafaa pale watu wanapokusonga, lakini hakuipenda kwa sababu aliona kwamba huzitia chumvi sura za vitu. Lenzi ya 50 kwake ilikuwa kipimo cha umbali wa adabu: karibu vya kutosha kumwona mtu, mbali vya kutosha kutomvamia.

Adabu hiyo ilihitaji kujificha kidogo. Sehemu zinazong'aa za kamera yake alizifunika kwa utepe mweusi. Hakutumia taa ya kumulika, aliiona kuwa ni utovu wa heshima kwa mtu na kwa mwanga uliopo. Kazi ya chumba cha giza aliwaachia mafundi, akiwataka waichape fremu nzima kama alivyoiona.

Mwaka 1937 gazeti la Paris la Ce Soir lilimtuma London kwenye kutawazwa kwa Mfalme George VI. Mwenye lenzi ndefu angehangaika kuufikia msafara wa kifalme. Cartier-Bresson aliupa mgongo, akawapiga picha wananchi waliojipanga barabarani, waliokesha, waliosinzia juu ya magazeti na waliobebwa mabegani. Hakurudi na picha hata moja ya mfalme, na bado ripoti yake imedumu kuliko nyingi zilizokuwa naye.

Kamera iliyofukiwa ardhini

Katika miaka hiyo alimwoa Ratna Mohini, mcheza ngoma kutoka kisiwa cha Java, akafanya kazi na mwongozaji filamu Jean Renoir, na akatengeneza filamu kuhusu hospitali za upande wa Jamhuri katika vita vya Hispania. Vita Kuu ya Pili ilipofika aliingia katika kikosi cha filamu na picha cha jeshi la Ufaransa. Mwezi Juni 1940, majeshi ya Ujerumani yalipowazingira, aliifukia Leica yake katika shamba moja la eneo la Vosges. Muda mfupi baadaye akatekwa.

Alikaa utumwani karibu miaka 3, akifanyishwa kazi za sulubu. Alitoroka mara mbili akakamatwa. Mara ya tatu, mwaka 1943, alifanikiwa. Akairudia kamera yake alikoificha, akaifukua.

Akiwa na hati za bandia, alianza upya kwa kuwapiga picha wachoraji aliowaheshimu, miongoni mwao Henri Matisse, Pierre Bonnard na Georges Braque. Katika picha za Matisse, mzee huyo anaonekana akiwa amezungukwa na njiwa na vizimba vyao, akichora. Ni umbali ule wa mita chache ambao lenzi ya 50 huupa mtu nyumba yake pamoja naye.

Mwaka 1945, alipokuwa akiongoza filamu kuhusu kurejea kwa wafungwa wa vita, alikuwa katika kambi ya Dessau, Ujerumani, mwanamke mmoja alipomtambua mwenzake aliyekuwa akiwachongea watu kwa Gestapo. Katika picha ile hasira ya mmoja, aibu ya mwingine na macho ya umati vimo ndani ya fremu moja. Lenzi ndefu ingeuchukua uso mmoja na kuuacha umati. Pana zaidi ingewafanya wanawake hao wadogo katikati ya uwanja.

Wakati huohuo Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York yalikuwa yameanza kuandaa maonyesho ya kumkumbuka, yakiamini kwamba alifia vitani. Maonyesho yalifunguliwa mwaka 1947, naye akiwepo.

Kutoka Delhi hadi Shanghai

Mwaka huo wa 1947, pamoja na Robert Capa, David Seymour, George Rodger na wengine, alianzisha Magnum, shirika la wapigapicha lililomilikiwa na wapigapicha wenyewe. Dunia waligawana: Rodger alipewa Afrika na Mashariki ya Kati, Cartier-Bresson akapewa Asia. Capa alikuwa amemwonya kwamba akiendelea kujiita msanii angebaki katika kona ndogo, hivyo ajitambulishe kama mwandishi wa habari wa picha, na sanaa yake aitunze moyoni.

Alasiri ya Januari 30, 1948 alikuwa Birla House, New Delhi, akimwonyesha Gandhi kitabu cha maonyesho yake ya New York. Muda usiofika saa mbili baada ya kuagana, Gandhi alipigwa risasi. Cartier-Bresson alirudi mbio. Usiku ulikuwa umeingia, na Jawaharlal Nehru alisimama langoni akiutangazia umma msiba. Palikuwa na mwanga wa taa tu. Hakumulika. Aliitegemea lenzi yake na filamu yake, na picha iliyopatikana haikuwa kali, ina ukungu na chembechembe. Ukungu huo umekuwa sehemu ya huzuni ya usiku ule.

Desemba mwaka huo alikuwa Uchina, serikali ya Kuomintang ikielekea ukingoni na fedha za karatasi zikipoteza thamani saa hadi saa. Shanghai, wananchi waliruhusiwa kununua gramu 40 za dhahabu kila mmoja, na maelfu wakasongamana mbele ya benki. Baadhi yao walipoteza maisha. Picha ya Cartier-Bresson inauonyesha mstari wa watu waliobanana kifua kwa mgongo, mikono ikiwa imewazunguka wa mbele. Haionyeshi mwanzo wa mstari wala mwisho wake. Mtazamaji hajui umati una ukubwa gani, anachokihisi ni kubanwa. Aliyesimama mbali kwa usalama asingeipata picha hiyo.

Mwaka 1952 kazi zake zilikusanywa katika kitabu, Images à la Sauvette, jalada lake likichorwa na Matisse. Toleo la Kiingereza liliitwa The Decisive Moment, na jina hilo likamwandama maisha yake yote. Mwaka 1954 alikuwa mmoja wa wapigapicha wa kwanza wa Magharibi kuingia Urusi ya Kisovieti baada ya kifo cha Stalin. Mwaka huohuo Capa alikanyaga bomu la kutegwa ardhini huko Vietnam, akafa.

M3, na waliochagua tofauti

Mwaka 1954 Leitz walitoa Leica M3, kamera ambayo Cartier-Bresson aliitumia kwa miaka mingi. Dirisha la kutazamia na kipimaumbali viliunganishwa kuwa kimoja, na ndani yake kukawa na mistari myeupe inayoonyesha mipaka ya picha kwa lenzi za milimita 50, 90 na 135. Taswira ya dirishani ilikaribia ukubwa halisi, hivyo mtumiaji angeweza kuyaacha macho yote mawili wazi. Nje ya mistari hiyo aliweza pia kumwona mpita njia kabla hajaingia ndani ya picha.

M3 haikuwa na mistari ya lenzi ya 35. Waliotaka upana huo walisubiri M2, iliyofuata miaka michache baadaye. Hadi leo, anayenunua kamera kuukuu ya aina hii anashauriwa aitazame mistari iliyomo dirishani kabla hajaitazama bei ya lenzi, kwa sababu lenzi isiyo na mistari yake humrudisha kwenye taabu ya mwaka 1932.

Ni haki kusema pia kwamba chaguo la Cartier-Bresson halikuwa sheria kwa wote. Mmarekani Garry Winogrand alijenga jina lake kwa Leica na lenzi pana ya milimita 28, akiyaingiza barabara yote ya New York katika fremu. Josef Koudelka, mzaliwa wa Czechoslovakia aliyekuja kuwa rafiki wa Cartier-Bresson na mwenzake katika Magnum, aliwapiga picha Waroma kwa lenzi ya milimita 25 ndani ya vyumba vyao vidogo, ambamo 50 isingetosha. Kila mmoja wao alikuwa na sababu yake. Wanachofanana na Mfaransa huyo ni kwamba waliishi na kioo kimoja hadi wakakijua kama kiganja cha mkono.

Ndilo jambo ambalo maisha yake yanamwachia mnunuzi wa leo. Simu nyingi za mkononi zina lenzi kuu inayokaribiana na milimita 24 hadi 28 za kamera ya filamu, kwa hiyo kizazi kizima kimezoea kuiona dunia kwa upana bila kukichagua kipimo hicho. Anayeweka lenzi ya 50 kwenye kamera yake hugundua siku ya kwanza kwamba inambana: analazimika kurudi nyuma, kungoja, na kuamua nani abaki nje. Cartier-Bresson alikubali kubanwa huko kwa makusudi. Alichokosa kwa lenzi alikitafuta kwa miguu, na alichokosa kwa miguu alikiacha kipite.

Penseli badala ya kamera

Mwaka 1966 alijitenga na shughuli za Magnum. Ndoa yake na Ratna Mohini ilivunjika, na mwaka 1970 akamwoa mpigapicha Martine Franck. Muda mfupi baadaye, akiwa amevuka miaka 60 na akiwa mpigapicha anayeheshimiwa kuliko karibu wote duniani, aliiweka kamera kando. Akarudi kwenye penseli na karatasi, kazi aliyoianza kwa Lhote. Mara mojamoja alipiga picha za watu au mandhari, lakini hakupenda tena kuulizwa habari za upigaji picha.

Mwaka 2003, yeye, mkewe na binti yao Mélanie walifungua taasisi jijini Paris yenye jina lake ili kuhifadhi kazi zake na kuonyesha za wengine. Mwaka uliofuata alifariki dunia katika eneo la Provence, siku 19 kabla ya kutimiza miaka 96.

Taasisi hiyo, ambayo tangu mwaka 2018 iko katika mtaa wa Marais, inatunza picha, michoro na nyaraka zake. Humo mgeni anaweza kuitazama kazi ya miaka 40 iliyotoka Delhi, Shanghai, Moscow na Seville, iliyopigwa na mtu aliyekuwa na uwezo wa kununua lenzi yoyote aliyoitaka.